Miguu Aliyotupa Mungu

Jumatano

Soma 1 Timotheo 4:7, 8 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Je, Paulo anayadharau mazoezi ya mwili, au anayaweka mahali pake?

Wapo washiriki wanaolitumia fungu la kwanza kama kibali cha kukaa. Lakini Paulo hakusema kwamba mazoezi hayafai. Alilinganisha faida ya muda na faida ya milele. Yeye mwenyewe aliamua kwenda kwa miguu kutoka Troa mpaka Aso, ingawa wenzake walipanda merikebu (Matendo 20:13).

Fikiria dada wa kanisa huko Rasbura, Lindi. Bibi yake alilima na kuteka maji. Yeye huketi dukani kutwa, na bodaboda humrudisha mlangoni. Kiuno chake kimepita sentimita 80, shinikizo la damu ni 138 kwa 88, na sukari kabla ya kula ni 6.1. Kwa kuwa hasikii maumivu, huomba apone na kungoja.

Madaktari huiita hali hii sindromu ya metaboli. Hutambuliwa mtu anapokuwa na mambo matatu kati ya matano: kiuno kikubwa, shinikizo la juu, sukari iliyopanda, mafuta mengi katika damu, na upungufu wa mafuta mazuri. Ikiachwa, huandaa njia ya kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kando ya bahari alfajiri kwatosha kuanzia, wala hakuna ada. Anayetumia dawa za sukari au presha azungumze na daktari kwanza, wala asiziache. Akisikia maumivu ya kifua, asimame na kutafuta msaada.

Mazoezi hayanunui wokovu. Tunalitunza hekalu kwa sababu limekwisha kununuliwa kwa thamani. Huenda sehemu ya jibu la ombi la dada yule ni miguu aliyokwisha kupewa.

Jadilini: Je, darasa lenu litawezaje kumsaidia mshiriki mmoja aanze kutembea juma hili, bila kumwaibisha kwa unene wake?