Tarehe Kwenye Kompyuta: Kutenga Siku, Mwezi na Mwaka



Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kipindupindu hurudi mara kwa mara. Ili dawa na klorini vifike mapema, ni lazima tujue wagonjwa wameongezeka mwezi gani. Somo hili linaeleza jinsi ya kuitoa habari hiyo kwenye tarehe zilizoandikwa katika Excel. Mfano wetu ni rejista ya Kigwena, Rumonge: safu B ni tarehe ya kufika kituoni, safu C ni tarehe ya kuzaliwa.

1. Hakikisha ni tarehe kweli

Excel huitunza tarehe kama namba ya siku, ikihesabu tangu 1 Januari 1900. Kama hukubadilisha mpangilio, tarehe halisi hukaa kulia mwa kisanduku na maandishi hukaa kushoto. Ukiona tarehe za siku ya 13 na kuendelea zimekaa kushoto, kompyuta inasoma mwezi kwanza, kwa mtindo wa Marekani. Hapo hata zilizokaa kulia zimegeuka: 05/11/2023 imekuwa 11 Mei badala ya 5 Novemba. Wagonjwa wa Novemba watahesabiwa Mei, na mlipuko utaonekana mdogo. Rekebisha kwanza mpangilio wa tarehe wa kompyuta uwe siku/mwezi/mwaka, kisha ingiza upya tarehe hizo kutoka daftarini.

2. Tenga sehemu za tarehe

Excel ya Kifaransa, inayotumika sana Burundi:
=JOUR(B2) hutoa siku
=MOIS(B2) hutoa mwezi
=ANNEE(B2) hutoa mwaka

Katika Excel ya Kiingereza andika DAY, MONTH na YEAR.

Mwezi peke yake hautoshi, kwani Novemba ya 2022 na ya 2023 zitachanganyika. Tumia =ANNEE(B2)*100+MOIS(B2). Kwa 05/11/2023 utapata 202311.

3. Umri wa mtoto

Usitoe mwezi wa kuzaliwa kwenye mwezi wa kufika. Mtoto aliyezaliwa 20/02/2023 akafika 05/11/2023 ataonekana ana miezi 9 (11 kutoa 2), kumbe ametimiza 8. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, yaani kwake ni kuanzia 20 Novemba. Andika =DATEDIF(C2;B2;"m"). Tarehe ya kuzaliwa hutangulia. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani hutaka mkato mahali pa nukta mkato.

4. Zingatia

- Andika mwaka kwa tarakimu nne. Kwa kawaida Excel husoma 28 kama 2028, hata kama mzee alizaliwa 1928.
- Katika rejista za wakimbizi, asiyejua siku yake ya kuzaliwa mara nyingi huandikwa 1 Januari. Kwa watu hao tumia mwaka tu; mwezi huo hauna maana.
- Usifute safu ya tarehe kamili baada ya kutenga sehemu zake.
- Daftari la karatasi lihifadhiwe. Ndilo shahidi wako kompyuta ikikosea.

Zoezi: Mtoto amezaliwa 28/12/2022, amefika 05/11/2023. Ana miezi mingapi kamili? (Jibu: 10)