Saa Tano Doha na Watoto

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazokwenda Ulaya au Marekani, na za huko zinazorudi nyumbani likizo, hupitia Doha. Qatar Airways inatua Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali, na tiketi ya safari ndefu aghalabu huja na saa mbili, tano, hata kumi za kungoja ndege ya pili katika Uwanja wa Ndege wa Hamad. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2014. Mwaka 2022, kabla ya Kombe la Dunia, jengo la abiria lilipanuliwa na kuongezewa bustani kubwa ya ndani. Karibu kila anachokihitaji mzazi mle kimo, tena kingi ni cha bure. Inasikitisha kuona watu wanavipita vyote hivyo mbiombio kuelekea getini, kisha wanakaa saa nne kwenye kiti kimoja na mtoto analia. Saa hizo zipangwe kwa kufuata mwili wa mtoto: choo kwanza, kisha michezo, kisha chakula, usingizi mwisho.

Mpango wenyewe unaanzia nyumbani, kwenye saa. Doha na Tanzania, Kenya na Uganda saa ni zilezile, kwa hiyo mtoto aliyetoka Dar ataona njaa na kusinzia kwa mazoea yake. Ila tiketi imeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 01:40 ni saa saba na dakika arobaini usiku. Ndege ya 01:40 ya tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo tarehe 14 jioni uwe umeshafunga mizigo.

Begi la mkononi liwe na nguo za kubadilisha, pampasi za kutosha safari nzima na nyongeza ya siku moja, sweta, na kanga mbili. Kanga usiiache. Ndani ya jengo kuna baridi ya kiyoyozi, na kanga hiyohiyo itakuwa mbeleko, shuka, pazia la kunyonyeshea na tandiko la sakafuni. Chakula kikavu kama maandazi, chapati na ndizi hupita ukaguzi bila matata. Uji uliokwisha kupikwa ni kimiminika. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa, lakini hukaguliwa, na ukaguzi unaurudia tena Doha unapounganisha ndege. Ni rahisi zaidi kubeba unga uliopimwa kwenye vifuko na kuomba maji ya moto mgahawani. Chupa za maji zipite tupu, mtazijaza ndani kwenye mabomba ya maji ya kunywa.

Kama mna kigari cha mtoto, muulize mhudumu pale mnapokabidhi mizigo: kitatolewa Doha mlangoni mwa ndege, au kinakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari? Soma na lebo aliyoifunga. Jengo lile ni refu, na mzazi aliyetegemea kigari akakikosa atambeba mtoto mwendo wa dakika nyingi.

Mkishuka Doha na kumaliza ukaguzi, nendeni chooni moja kwa moja. Karibu na vyoo kuna vyumba vya kubadilishia watoto pampasi. Kisha tazama skrini, ujue geti lenu liko upande gani, na uunganishe simu na intaneti ya bure ya uwanja. Mpige kila mtoto picha, nguo alizovaa leo zionekane. Kila mmoja mtilie mfukoni karatasi yenye jina lake, jina la mzazi na namba ya ndege. Namba ya simu ya nyumbani huenda isipatikane ukiwa safarini, lakini mfanyakazi yeyote wa uwanja akiiona namba ya ndege atajua pa kuanzia. Watoto waambiwe waziwazi: ukitupotea, simama hapohapo, mwonyeshe mwenye sare karatasi yako. Wakubwa, pamoja na vijana wenye simu, wakutane kwenye dubu wa njano. Ni sanamu ya msanii Urs Fischer wa Uswisi, yenye urefu wa mita 7 hivi, inayokaa katikati ya ukumbi wa maduka ikiwa na taa kichwani. Huwezi kuikosa.

Sasa michezo, na hapa msiwe na haraka. Ndani ya jengo kuna sanamu za shaba nyeusi, vijitu vyenye vichwa vya mviringo, ambazo Mmarekani Tom Otterness alizitengeneza kwa makusudi kwamba watoto waziparamie. Mzazi wa Kiafrika hushtuka, maana tumelelewa kwamba sanamu haiguswi. Hizi zinaguswa. Mwache mtoto apande, ajipenyeze chini, ashuke upande wa pili, arudie. Avae viatu vyenye soli ya mpira, kwa sababu soksi huteleza kwenye chuma. Akichoka na sanamu, pandeni treni inayopita juu ndani ya jengo lenyewe; haina nauli, na mtoto wa miaka mitatu atataka kwenda na kurudi.

Treni itawafikisha upande wa kaskazini, iliko bustani ya ndani: mita za mraba 6,000 hivi, yenye miti mirefu, maji na paa la kioo. Kwa mtoto anayetoka London, mwili wake bado unafuata saa za huko. Mkifika asubuhi, mtembezeni chini ya paa lile apate mwanga wa jua; utamsaidia kuzizoea saa za nyumbani. Ila mshike mkono karibu na maji.

Baada ya hapo wape chakula, ndipo mtafute pa kulala. Kuna vyumba vya utulivu vya bure vyenye viti vya kujinyoosha, lakini vya wanaume mbali na vya wanawake, kwa hiyo amueni mapema nani analala na nani. Kuna pia vijichumba vya kulipia kwa saa. Kwa mapumziko ya saa tatu sitoi hela hiyo. Kwa saa nane za usiku na watoto wawili, ningeitoa. Wanaoswali wana vyumba vya sala na mahali pa kutawadha. Pokezaneni, mmoja abaki na watoto.

Usitegemee kusikia tangazo. Saa moja na nusu kabla ya ndege kuruka, tazama skrini upya, maana geti linaweza kubadilishwa, kisha mpelekeni kila mtoto chooni, hata anayesema hataki. Geti hufungwa dakika 20 kabla ya kuondoka, na kwenye mageti mengine mtachukuliwa kwa basi hadi kwenye ndege. Familia zenye watoto wadogo huitwa mwanzo. Mkiwa wazazi wawili na mtoto bado ana nguvu, mmoja atangulie na mabegi kupata nafasi juu ya viti, mwingine abaki na mtoto palepale getini, wakitembea, mpaka foleni inakaribia kuisha.