Komoro: Zamu ya Urais Ilivyosogezwa

Kwa nini Komoro iliamua urais uwe wa zamu?

Kwa sababu nusura nchi isambaratike. Mwaka 1997 visiwa vya Nzwani na Mwali vilijitangaza kujitenga, vikilalamika kwamba kila kitu kinaishia Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazija. Nzwani watu walipandisha bendera ya Ufaransa, wakitaka kurudi kwa mkoloni waliyeachana naye mwaka 1975. Paris ikawakatalia. Machungu hayo ndiyo yaliyozaa mapatano ya Fomboni ya Februari 2001, kisha katiba mpya mwishoni mwa mwaka huo, iliyoweka urais wa zamu kati ya visiwa.

Zamu yenyewe ilikwendaje?

Kisiwa chenye zamu kilipiga kura ya mchujo peke yake, na watatu wa kwanza wakapelekwa kwa wapiga kura wa visiwa vyote. Hapo ndipo palipokuwa na busara ya mpango huu: mtu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, hakuupata urais bila kuvuka bahari kuomba kura Ngazija na Nzwani. Azali Assoumani wa Ngazija alianza 2002, akafuatiwa na Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani 2006, kisha Ikililou Dhoinine wa Mwali 2011. Kwa nchi iliyozoea mapinduzi, hilo halikuwa jambo dogo. Palikuwa na msukosuko pia: Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwamo, walitua Nzwani kumng'oa Mohamed Bacar, aliyeng'ang'ania uongozi wa kisiwa hicho.

Nini kilibadilika mwaka 2018?

Azali, aliyerudi madarakani 2016, alihamishia Mahakama ya Juu kazi za Mahakama ya Katiba. Julai ikaja kura ya maoni: kisiwa kimoja sasa chaweza kushika vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano. Nzwani, iliyokuwa ikihesabu miaka kuelekea 2021, iliona zamu yake ikisogezwa mbali. Oktoba mwaka huo risasi zikalia katika vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu, kisiwani humo.

Na haki za raia?

Mfano wa Sambi unatosha kutia uchungu. Alizuiliwa tangu Mei 2018, akashtakiwa kuhusu pasipoti za Komoro walizouziwa watu wasio na uraia katika nchi za Ghuba. Awe na hatia au asiwe nayo, alikaa kizuizini zaidi ya miaka minne kabla kesi haijasikilizwa. Novemba 2022 Mahakama ya Usalama wa Taifa ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini. Hukumu za mahakama hiyo hazikatiwi rufaa.