Kupogoa Mwasumini

Mwasumini ni kichaka chenye maua meupe yanayonukia sana jioni. Watu wa pwani huyatumia maua hayo kutengenezea vikuba.

Mwasumini usipopogolewa, matawi yake hurefuka na kulala ovyo. Kwa nini? Kila tawi lina chipukizi nchani, na machipukizi mengine mahali majani yanapoungana na tawi. Chipukizi la nchani hutoa kemikali inayoteremka ndani ya tawi na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ncha ikikatwa, machipukizi hayo hukua yakawa matawi mapya. Maua ya mwasumini hutokea kwenye ncha za matawi mapya. Kwa hiyo, matawi yakiongezeka, maua nayo huongezeka.

Jaribio

Vifaa: miche miwili ya mwasumini inayolingana, mkasi mkali, samadi iliyooza, maji na daftari.

1. Panda miche yote miwili mahali penye jua. Ipe samadi na maji sawasawa.
2. Mche wa kwanza usiukate. Katika mche wa pili, kata ncha ya kila tawi, juu kidogo ya mahali palipoota majani.
3. Kila juma, hesabu matawi ya kila mche. Andika idadi yake.
4. Miche ikichanua, hesabu maua.

Maswali

1. Mche upi umetoa matawi mengi zaidi? Eleza sababu.
2. Kwa nini miche yote ilipewa maji sawasawa?
3. Kwa nini haifai kupogoa mwasumini wenye vitumba?