Mashindano ya pool kwenye meza ya sarafu: taima ikizimwa, nani anahesabu?

Wachezaji 16 wamefika, meza ni moja, na kabla gemu ya tatu haijaisha kuna mtu anazunguka baa akiuliza nani ana shilingi ishirini. Kama umewahi kuandaa mashindano ya pool hapa Rusinga ama pale Mbita, hiyo hali unaijua. Wakala anakupa noti, si sarafu. Halafu mjanja mmoja anasema mashimo yajazwe magazeti ili mipira isishuke, ama kijiti kisukumwe mahali pa sarafu. Mkatalie. Kuna njia ya kucheza siku nzima bila sarafu, meza isiharibike na mwenyewe asikose haki yake.

Tuanze na meza yenyewe. Ile ya kawaida haina saa. Unaweka sarafu, unasukuma, na ndani kuna kizuizi kinachofunguka, mipira yote ikateremka hadi pale pembeni. Mpira ukiingia shimoni umeenda, hautoki tena mpaka sarafu nyingine. Mweupe peke yake ndio hurudi, kwa sababu umetengenezwa tofauti na mingine, kwa ukubwa ama kwa chuma kilicho ndani, na meza inautenga. Meza yenye taima inafanya kazi kwa njia nyingine: sarafu inanunua dakika, si gemu. Dakika zikiwepo, mipira inarudi. Zikiisha, inayoingia inabaki ndani.

Kwa watu wawili wanaopitisha muda, taima haina neno. Kwa mashindano ni balaa. Mchezaji aliyebanwa atacheza kwa kujilinda, atazunguka meza mara tatu kabla ya kupiga. Muda ukikatika katikati ya gemu, nani anaongeza sarafu? Aliye mbele hataki, aliye nyuma anasema si yeye aliyechelewesha. Kelele inaanzia hapo.

Dawa yake iko ndani ya meza, na ufunguo uko kwa mwenye meza. Kwenye meza ya taima, yeye ama fundi wake anaweza kuongeza dakika kwa kila sarafu, au kuiweka ichezwe bila malipo kama imeundwa hivyo. Kwenye meza ya kusukuma, kizuizi kinashikiliwa wazi kwa siku hiyo, mipira ikawa inarudi yenyewe. Kwa anayeijua meza yake si kazi kubwa. Kazi ni maelewano.

Na maelewano ufanye na nani? Watu wengi huongea na mwenye baa peke yake. Lakini mara nyingi meza si yake. Kuna mtu mwingine aliyeiweka pale, anakuja na ufunguo, wanafungua kisanduku pamoja na kugawana kilichomo. Kile kisanduku ndicho mita yao. Ukiifungua meza ichezwe bure, umezima mita, na siku ya kugawana kila mmoja atamshuku mwenzake. Kwa hivyo wote wawili wawepo mnapokubaliana, na kilichokubaliwa kilipwe mara moja, kwa simu, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Ujumbe wa malipo ndio unakuwa mita ya siku hiyo: una kiasi, jina, saa na nambari ya muamala. Kama meza ina kaunta, ipigeni picha pia.

Bei je? Usikisie, piga hesabu. Wachezaji 16 kwa mtoano ni mechi 15. Kama mshindi ni wa gemu mbili kati ya tatu, mtacheza gemu 30 hadi 45. Kwa shilingi 20, hiyo ni shilingi 600 hadi 900. Sasa jiweke upande wa mwenye meza. Sheria ya vileo ya 2010 iliweka saa za baa kuwa saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi, yaani saa tisa. Gemu moja ikichukua dakika kumi, meza yake ingeweza kula gemu 54, shilingi 1,080. Akikuomba 1,000, hajakudhulumu. Na gemu zenu 45 ni saa saba na nusu, bila kuhesabu za kupanga mipira na kubishana. Wakiwa 32, meza moja haiwatoshi siku moja. Tafuta ya pili mapema.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo mgeni hawezi kulijua. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza, maana taa ndiyo huvuta samaki. Mwezi ukiwa mkubwa wengi hukaa nyumbani. Basi mashindano hupangwa siku za mbalamwezi, wachezaji wakiwa na nafasi. Lakini hizo ndizo siku mifuko imekauka! Kiingilio cha shilingi 200 kianze kukusanywa wakati wa giza, kidogo kidogo, hamsini leo, hamsini kesho kutwa.

Hamsini hizo zisiingie kwenye nambari yako ya kawaida, zikachanganyika na pesa ya unga na za kukopesha shemeji. Tumieni till ya Lipa na M-PESA: anayelipa hakatwi ada, na jina la till linatokea kabla malipo hayajakamilika. Mwambie kila mchezaji alisome hilo jina kwanza. Wewe nawe usimwandike mtu kwenye orodha kwa sababu amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe hughushiwa. Angalia uliopokelewa upande wa till, uandike nambari ya muamala mbele ya jina lake.

Wote 16 wakilipa mna shilingi 3,200. Toa 1,000 ya meza, zinabaki 2,200. Tangaza zawadi kutokana na hizo, si kutokana na unachotarajia, na washindi walipwe kwa simu palepale watu wakiona.

Kabla ya kuondoka, mwenye meza airudishe kama ilivyokuwa. Wekeni sarafu moja mbele ya mwenye baa, sukumeni, muone mipira imeshuka na kaunta imesonga.