Choo Chetu na Kisima cha Jirani

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:12–14



Wako wanaoona haya kutaja choo kanisani. Musa hakuona haya. Aliwaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu afukie uchafu wake, kwa kuwa Bwana hutembea kati ya watu wake.

Sisi wa Shinyanga tunaijua mbuga. Kiangazi udongo wake mweusi hupasuka, kuta za shimo zikabomoka. Mvua zikija, shimo hufurika, maana udongo ule haunywi maji upesi. Na huko machimboni Geita, mtu huchimba duara refu kutafuta dhahabu, lakini shimo la choo huliona kazi bure.

Mijini, hasa mabondeni, iko desturi iitwayo kutapisha choo. Mvua ikinyesha, mwenye nyumba hutoboa shimo lake ili kinyesi kichukuliwe na maji. Kwake pamesafika, kumbe kimeingia kisimani kwa mjane aliye chini yake. Kipindupindu hupita njia hiyohiyo: kinyesi, maji, kinywa. Je, huko ni kumpenda jirani?

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza mafunzo redioni, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Nasi tufanye hivi:

1. Penye maji ya karibu tusichimbe sana kwenda chini. Tujenge choo cha kuinuliwa, chenye ngazi, na shimo lijengewe kwa matofali ya saruji.
2. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko.
3. Tundu liwe na kifuniko, na pawe na maji na sabuni ya kunawa.
4. Shimo likijaa, liitwe gari la kunyonya majitaka. Wengi hutapisha kwa kukosa fedha, si kwa ubaya wa moyo. Basi majirani tuchangiane.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Choo cha kanisa letu kina hali gani?
(b) Ni nani mtaani kwetu asiyeweza kulipia gari? Tutamsaidiaje kabla ya mvua?

Bwana atembeapo kati yetu, asione kitu cha kutuaibisha. Amina.