Mgonjwa wa ALS na Baridi ya Theluji

Sisi tukisema "kipupwe" huwa tunafikiria asubuhi za Julai, sweta ya shule mwilini na kikombe cha uji wa moto mkononi. Kule Minnesota, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada, neno hilo halitoshi kabisa. Usiku wa Januari kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sufuri, na wakati mwingine hata 30. Mtu mwenye afya huikimbia baridi hiyo akaingia ndani. Je, yule asiyeweza kukimbia?

ALS ni ugonjwa unaoua neva zinazopeleka amri kwenye misuli. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza mnamo mwaka wa 1869. Wamarekani wengi huuita ugonjwa wa Lou Gehrig, mchezaji hodari wa besiboli aliyegunduliwa kuwa nao Juni 1939 katika kliniki ya Mayo, mjini Rochester, jimbo hilo hilo la Minnesota. Alifariki mwaka wa 1941 akiwa na umri wa miaka 37. Misuli isiyopata amri hunywea. Mkono hulegea, mguu hulegea, sauti hufifia, na mwishowe hata kuvuta pumzi huwa kazi. Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo. Misuli ndiyo jiko la mwili. Tukitembea inatoa joto. Tukishikwa na baridi inatetemeka ili itoe joto zaidi. Misuli ikinywea, jiko nalo hupungua makaa. Lakini ngozi ya mgonjwa huyu kwa kawaida haifi ganzi! Baridi anaihisi kama mimi na wewe, ila hawezi kuvuta blanketi wala kusugua viganja, na huenda hata kusema "nafunikeni" kumemshinda. Kwa hiyo joto lake lazima lipangwe na watu wengine, tena mapema.

Wengi hudhani dawa ni kumrundikia mablanketi mazito. La hasha. Blanketi zito humlemea, na kifua dhaifu hakihitaji mzigo. Afadhali nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kwani hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayohifadhi joto. Glavu ya kidole kimoja kimoja ni taabu kuivisha mikono iliyokakamaa. Ile ya kuweka vidole vinne pamoja ni rahisi, tena ina joto zaidi. Chupa ya maji ya moto nayo ina hatari yake. Ikizidi moto, sisi tutaisukuma kando. Yeye ataungua huku akijua anaungua. Ndiyo sababu huwekewa kengele anayoweza kuibonyeza kwa msogeo mdogo tu, hata wa kichwa.

Nje kuna barafu. Anayetembea kwa shida akiteleza, mikono haiwahi kumkinga, basi huanguka kichwa mbele. Wa kiti cha magurudumu cha umeme naye akumbuke kwamba betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Safari ya kawaida yaweza kumkwamisha njiani. Shali ya kufunika magoti ifungwe vizuri isije ikaingia kwenye magurudumu. Chanjo ya homa ya mafua pia isisahauliwe, maana mtu asiyeweza kukohoa kwa nguvu hushindwa kutoa makohozi.

Jambo kubwa kuliko yote ni umeme. Wagonjwa wengi hulala na mashine ya kuwasaidia kupumua. Februari 2021 baridi kali ilipiga jimbo la Texas, mamilioni ya watu wakakosa umeme, na serikali ya jimbo hilo ikahesabu vifo 246. Kwa mwenye mashine, giza si usumbufu tu, ni pumzi yenyewe inayokatika. Familia yake huweka betri ya akiba iliyojazwa, na huamua kabla ya theluji kuanguka ni kwa nani watahamia.

Umeme ukipotea, watu huwasha chochote, na hapo wenzangu wa Limuru na Nyandarua mnajua ninalotaka kusema. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila mwaka magazeti yetu huandika habari za walioamkia mochari. Jenereta ni vivyo hivyo: mahali pake ni nje, mbali na madirisha. Nyumba nyingi za Minnesota zina kidude ukutani kinacholia kikiinusa hewa hiyo. Lakini kikilia usiku, mgonjwa wa ALS atakisikia vizuri sana na asiweze kwenda kufungua mlango. Lazima awepo mtu mwingine wa kukisikia, aliyelala karibu.